Kilo Nne na Nusu

Milango ya Semana ilijulikana Lushebere yote kwa uzito wake. Aliyeagiza mlango kwake alijua mapema kwamba atahitaji watu wawili wa kuubeba na wa tatu wa kushika bawaba, na kitanda kilichotoka mikononi mwake hakikuhama tena chumba kilipokwisha kuwekwa. Watu walimtania. Wengine walisema anaogopa wezi kuliko wenye nyumba wenyewe. Wengine walisema anauza msitu mzima kwa bei ya ubao mmoja. Semana aliinamia kazi yake. Alipiga randa mara mbili, mara tatu, akaiweka chini. Hakupenda kuona ubao ukiwa mwembamba chini ya mkono wake.

Hakuwa hivyo tangu zamani. Hadi mwaka wa 1952 hapakuwa na fundi katika milima ya Masisi aliyejua kama yeye mahali pa kupunguza mti bila kupunguza nguvu zake. Viti vyake mtoto aliviinua kwa mkono mmoja, na mtu mzima mnene akavikalia miaka. Kilichombadilisha ni kazi moja tu, na kazi hiyo aliifanya kwa ajili ya kaka yake.

Walizaliwa Nyamitaba, katika nyumba ya wakulima, Straton akitangulia kwa miaka minane. Mama yao alikufa Semana hajaanza kutembea. Baba alishinda shambani, na Straton ndiye aliyemfunga mdogo wake mgongoni kwa ngozi ya kondoo aliyoiacha mama, akapanda naye kwenye maharage, akashuka naye mtoni, akapanda tena. Wavulana wenzake walimwita Mama Semana. Alicheka tu na kuikaza ngozi. Kwa hiyo Semana hakuukumbuka uso wa mama. Alichokumbuka ni shingo ya kaka yake: jasho lake, joto lake, na kovu dogo chini ya nywele lililopanda na kushuka kadiri walivyokwenda.

Straton huyo huyo alimshika mkono, wakati Wazungu wakipigana vita yao ya pili, akampeleka kwenye karakana ya misheni ajifunze useremala. Pale alifundisha Frère mmoja mzee, bruda wa misheni, mtu wa maneno machache, aliyekuwa na desturi yake. Kazi ilipokwisha, mwanafunzi alisimama katikati ya karakana, akaweka rula juu ya kile alichokitengeneza, akataja vipimo kwa sauti kubwa wote wakisikia: urefu, upana, unene. Kisha akakitundika kwenye mizani, akataja kilo. Asiyetaja hakuhesabiwa kuwa amemaliza, hata kama kiti kilikuwa kimesimama pale kinang'aa. Semana aliipenda dakika ile kuliko chakula. Masanduku yake ya kusafirishia pareto yalikuwa mepesi kuliko ya wenzake wote na hayakuvunjika, na kila alipotaja kilo zake karakana nzima ilisimamisha misumeno kumsikiliza.

Straton yeye alikuwa na mabega tu. Aliandikwa mpagazi kwenye shamba la pareto lililokuwa juu ya Lushebere. Mwenye shamba alikuwa Mbelgiji mrefu ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Nyamaza, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote. Hakuwa mkali. Alipenda kimya kwa sababu alipenda kuwinda. Kila kiangazi aliliacha shamba mikononi mwa kapita wake, msimamizi wa wafanyakazi, akapanda milima na wapagazi kumi, akapita msitu wa mianzi hadi kwenye migongo ya juu inayotazama upande wa Walikale. Huko aliketi chini asubuhi nzima akichungulia mabonde kwa darubini ndefu, akitafuta nyati kwenye majani ya ng'ambo.

Darubini ile haikushikika kwa mkono. Ilikaa juu ya kitu cha miguu mitatu kilichotoka Ulaya nayo. Miguu ilikuwa ya mti mzito wa kwao, minene kama mchi, kila mmoja na mguu mwingine ndani yake uliofunguka kwenda chini. Kichwani palikuwa na gogo lililovishwa shaba, chini ncha za chuma, katikati mnyororo wa kuzuia miguu isitanuke. Wapagazi walikiita Mafiga. Yalinasa kwenye mianzi, yalivutwa na kamba za msituni, yalimpiga mtu kisogoni kila aliposhuka. Kwa hiyo Bwana aliamuru mbeba Mafiga asibebe kitu kingine, afike wa kwanza. Mizigo yote ilipimwa kabla ya safari, maana serikali iliweka kilo ishirini na tano kwa mtu mmoja. Mafiga peke yake hayakupimwa. Yalikuwa mzigo wa mtu kwa sababu ya maumbile yake, na mtu huyo kwa miaka sita alikuwa Straton.

Mwezi wa tano mwaka ule wa 1952 Straton aliyaleta kwa Semana, mguu mmoja ukiwa umepasuka.

"Kaka, ulianguka?" Semana aliuliza.

"Miye nilisimama. Ni mulima ndio ulianguka."

Semana alicheka, kisha akaacha. Kaka yake alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao kabla ya kuutua mzigo. Alikaa hivyo na Mafiga begani, mdomo wazi, kana kwamba amesahau hatua inayofuata ni ipi. Semana aliyapokea. Chini ya shati, pale mti ulipolala siku zote, bega lilikuwa limebonyea, na mfupa wake ulikuwa umejitokeza kama wa mzee.

"Bwana anataka yapone mbele ya mwezi wa sita," Straton alisema. "Kiangazi hii tunaenda mbali, mpaka juu ya Ntoto."

Kesho yake mkewe, Verdiane, alikuja karakanani na shati lililofuliwa. Alilikunjua juu ya meza ya Semana. Mbele, kifuani, sabuni haikuweza kutoa madoa yote.

"Shemeji, hii si matope," alisema. "Anakohoa akijificha nyuma ya nyumba. Nikimuuliza anasema ni moshi ya jiko. Nyuma ya nyumba kuko jiko gani?"

"Aende kwa muganga wa zahanati."

"Hawezi kukubali. Wakimuandika mugonjwa, kitabu yake ya kazi inafungwa. Na muntu asiye na kitabu, weye unajua kwenye anapelekwa."

Semana alijua. Mwanamume asiye na kitabu cha kazi aliitwa na chifu kwenye barabara iliyokuwa ikichimbwa kuteremka Walikale. Huko watu walivunja mawe mvuani na kulala kwenye vibanda vya majani. Wazima walirudi wamekonda. Verdiane alilikunja shati lile taratibu, mkono kwa mkono, kama anayekunja nguo ya kanisani.

"Miye sitaki apone leo," alisema. "Nataka tu asibebe ile kitu."

"Akiacha kuibeba, kazi imekwisha."

"Basi sijui."

Alipoondoka, Semana aliyatazama Mafiga yamelala sakafuni. Akayainua, akayashusha, akayainua tena. Akachukua penseli.

Straton alipokuja Jumapili baada ya misa, Semana alimketisha akaanza kumuuliza maswali, si ya kifua bali ya Mafiga. Bwana akifika juu anafanya nini kwanza? Anasimama akitazama, au anaketi?

"Anaketi. Siku zote chini, kwenye majani, na blanketi."

"Hii miguu ya ndani anaivuta?"

Straton alifikiri. "Miaka sita, hata siku moja. Vifungo vimeota kutu."

"Na munyororo?"

"Munyororo ni wa kunitangaza. Nyati wanausikia wanasema, Straton anakuja."

Basi Semana aliandika chini kila kitu ambacho kaka yake alikuwa akikibeba bure. Miguu ya ndani aliitoa yote mitatu, na vifungo vyake. Mnyororo aliutoa. Ncha za chuma alizikata zikabaki kama kucha. Hata hivyo mti wa Ulaya ulikuwa bado mzito, na alijua hauwezi kuchongwa zaidi bila kuvunjika tena. Ilibidi upatikane mwingine.

Mianzi ilikuwa tele mlimani, lakini mwanzi mbichi hupinda, na uliokauka juani hupasuka. Mwanzi unaofaa ni ule uliokaa miaka juu ya jiko, moshi ukauingia hadi ndani. Aliyekuwa na mianzi ya namna hiyo ni mama mkwe wake, Nyiramana, mfugaji wa Nyamitaba, ambaye juu ya jiko lake kulikuwa na chanja ya kufukizia vibuyu vya maziwa. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wala hamtazami usoni. Semana alisimama nje, mgongo kwa ukuta, mkewe Mukasine akaingia kumsemea.

"Mama, Semana anaomba mianzi mitatu ya chanja."

"Muambie Semana vibuyu vyangu vitakaa wapi," Nyiramana alisema, sauti yake ikipita kwenye fito za ukuta bila shida.

"Anasema atakutengenezea chanja mupya."

"Mupya iko na moshi? Ile imekula moshi tangu niliolewa." Kisha akauliza: "Ni ya nani, hiyo mianzi?"

Semana, akitazama ng'ombe, alijibu mwenyewe kwa sauti ya chini: "Ni ya Straton, mama. Kifua yake imeharibika."

Baadaye ikasikika miti ikishushwa, na vibuyu vikiwekwa chini kimoja kimoja.

Alifanya kazi siku kumi na mbili. Mianzi ilikuwa myeusi, inang'aa, na ukiigonga ilitoa mlio wa kitu kikavu kabisa. Kila mwisho aliuziba kwa kipande cha mti, kisha akauzungushia ngozi mbichi ya ng'ombe, imelowa, imekazwa kwa meno. Ilipokauka ilibana kuliko pete ya chuma. Gogo la kichwani alilitupa, akachonga jingine kwa mti wa umuko, ule wenye maua mekundu ambao wafugaji huchongea vyombo vya maziwa kwa sababu ni mwepesi kama mkate uliokauka. Mahali parafujo ya darubini ilipoingia, umuko ungebonyea. Akaweka bamba la pembe. Badala ya mnyororo, ukanda wa ngozi.

Likabaki jambo moja. Kitu chepesi hutikisika kwenye upepo, na darubini ikitikisika kidogo tu, nyati wa ng'ambo anarukaruka kama panzi. Hilo lilimkosesha raha siku mbili. Kisha alishona mfuko wa ngozi, akauning'iniza katikati ya miguu. Ukifika juu unaokota mawe, unaujaza, na Mafiga yanakuwa mazito kuliko ya zamani. Ukiondoka unayamwaga. Kwa nini mtu apandishe uzito mlimani, wakati mlima wenyewe umejaa uzito wa bure?

Miguu ya zamani hakuitupa. Mti mzuri hautupwi. Aliipasua akatengeneza vipini vya majembe, na kimoja akampa Straton.

Straton alikuja kuyachukua asubuhi moja ya ukungu. Aliinama kama alivyozoea, magoti yamepinda, pumzi imeshikwa, akavuta, na nusura aanguke nyuma. Akayatazama mikononi mwake. Akayaweka begani. Akaenda hadi kwenye mgomba, akarudi, akaenda tena, na mara ya tatu alikuwa akicheza mguu kwa mguu kama kijana wa harusi, Verdiane akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Semana," alisema, "umeondoa nini humu? Umebakiza jina tu."

"Yanasimama. Jaribu kuyakalia."

"Sikiliza. Musiambie muntu. Mbele yao nitaguna kama zamani. Nitaguna na kusimama kwenye kila kilima, nitawaambia hii kitu itaniua. Bwana ataona mianzi atasema ni muzuri, basi. Hakuna mwenye kujua uzito isipokuwa bega langu."

"Hakuna," Semana alisema.

Na alisema kweli. Hata yeye hakujua. Nyumbani hakuwa na mizani. Usiku na mchana zilikuwa zikimwasha zile kilo asizozijua. Zinaweza kuwa sita. Zinaweza kuwa tano. Alijikuta akiyapima moyoni kwa kulinganisha na jembe, na ndoo, na mtoto wa jirani.

Siku ya kuondoka Bwana alimwita Semana shambani ili aikague kazi mbele yake kabla ya kuipokea. Wapagazi walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba ya kukaushia pareto, kila mmoja na mzigo wake. Mizani ilining'inia kwenye boriti, na Kanyamibwa, yule kapita, alikuwa akisoma na kuandika kwenye daftari. Hakuwa mtu mbaya, Kanyamibwa. Alikuwa mtu wa daftari. Straton alisimama mwisho wa mstari, Mafiga begani, uso umekunjwa kwa mateso.

"Papa Straton," alisema Damascène, kijana mwenye nguvu aliyebeba mablanketi na masufuria, "umebeba Mafiga ao umebeba mama mukwe?"

"Mama mukwe anatembea yeye mwenyewe," Straton alisema, akaguna. "Hii inanikalia."

Walicheka. Semana naye alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu shati lile alihisi kifua chake kimefunguka.

Bwana Nyamaza aliyasimamisha Mafiga kwenye majani, akafunga darubini, akaketi. Akaonyeshwa mfuko, akaokota mawe mwenyewe, akaujaza. Akachungulia mlima muda mrefu. Upepo ulivuma ukapita.

"Haitikisiki," alisema. Akageuka, uso wake umebadilika, kama mtu aliyepewa barua kutoka kwao. "Nani alifundisha weye?"

Semana alimtaja Frère.

Labda ni lile jina. Labda ni watu wale wamesimama kimya wakimtazama, kama karakanani misumeno iliponyamaza. Miaka kumi mkono wake ulifundishwa kwamba kazi ina mwisho wake na mwisho huo hutamkwa. Alisikia mdomo wake ukisema:

"Lakini bado haijaisha, Bwana. Haijapimwa."

Mwisho wa mstari Straton alikohoa mara moja. Semana hakugeuka. Alikuwa tayari ameifungua darubini, ameyamwaga mawe, ameyanyanyua Mafiga, ameyatundika kwenye ndoano ya boriti. Mshale ulitetemeka, ukatulia. Alisimama wima kando yake, mikono ubavuni, akataja kwa sauti kubwa iliyofika hadi kwa akina mama waliokuwa wakianika pareto:

"Kilo ine na nusu."

Watu walipiga makofi. Bwana aliinama kusoma mwenyewe, akatikisa kichwa kwa mshangao. Ya zamani, alisema, dukani Ulaya iliandikwa kilo kumi na tatu. Makofi yalipokwisha, Kanyamibwa alikuwa bado anatazama daftari, kidole chake kikishuka kwenye mstari wa majina.

"Damascène iko na ishirini," alisema polepole. "Ishirini na ine na nusu. Sheria ni ishirini na tano." Akamtazama Bwana. "Inaingia juu yake."

Bwana alitazama mzigo wa Damascène, akatazama Mafiga, akaitikia kwa kichwa. Haikuchukua muda zaidi ya wa kufunga kamba. Kalamu ilipita juu ya jina moja.

"Papa Straton," Kanyamibwa alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "safari hii utapumzika. Na kitabu yako uniletee."

Hapo ndipo Semana aliposikia alichokitamka. Alimkimbilia Bwana.

"Bwana, kwa upepo itatikisika. Inaomba muntu wa kuiangalia yeye peke yake."

"Kuko mufuko ya mawe. Weye mwenyewe umetengeneza. Iko akili sana."

"Ni mianzi, Bwana. Kule msituni inaweza kuvunjika. Damascène hajazoea."

"Nyamaza," alisema Bwana, bila ukali, akiwa anatafuta kitu kwenye sanduku lake. Alitoa msumeno mpya wa Ulaya, bado una mafuta na karatasi, akauweka mikononi mwa Semana kuwa zawadi ya ufundi wake.

Mstari uliondoka. Damascène alipita na Mafiga yamefungwa juu ya mablanketi, akitazama mahali anapokanyaga. Semana na Straton walibaki uwanjani hadi mgongo wa mwisho ulipomezwa na ukungu, kisha wakashika njia ya Lushebere. Kwenye kijito Straton alisimama kuvuta pumzi.

"Umetaja vizuri," alisema. "Kama zamani kule misheni. Nilikuwa nikisimama dirishani kukusikiliza, ulijua?"

"Kaka, unisamehe."

"Leta huo musumeno nikubebee. Sina muzigo."

Na akaubeba, begani, upande ule uliobonyea, hadi nyumbani.

Yaliyobaki yalikwenda kama maji yanavyoteremka. Bwana aliporudi, na pembe za nyati wawili, na furaha ya kufika mahali ambapo hajawahi kufika, Semana alimwendea kuomba nafasi ya Straton kwenye nyumba ya kukaushia. Bwana alimsikiliza hadi mwisho. Alisema mtu anayekohoa vile hawezi kuwekwa kwenye vumbi la pareto, litamuua. Semana alirudi akijua kwamba Bwana alikuwa akikisikia kikohozi kile siku zote.

Mwezi wa nane mpolisi wa chifu alikuja na orodha. Semana alisema ataenda yeye badala yake. Mpolisi akasema orodha inasoma jina, haisomi undugu. Straton hakutaka hata wakati ule kwenda zahanati. Alisema akiandikwa mgonjwa hatapata tena kitabu, na kiangazi kingine Bwana anaweza kumkumbuka. Aliondoka na wengine kuelekea barabara ya Walikale, na jembe lake mwenyewe begani. Semana, aliyemsindikiza hadi kwenye daraja, alikiona kipini. Ulikuwa ule mti mzito wa Ulaya, umelala pale pale ulipolala miaka sita.

Walimrudisha mwezi wa kumi na moja, katikati ya mvua, wanaume wawili wakiwa wamembeba kwenye machela ya fito. Alikuwa amekufa njiani, karibu na Masisi. Walilowa hadi mifupani, na Verdiane aliwapa moto na viazi. Mmoja wao, akitafuta neno la kumtuliza, alisema:

"Hakutusumbua, mama. Wawili tulitosha. Alikuwa mwepesi."

Semana alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka akaenda karakanani. Kulikuwa na mbao za mti mgumu kutoka msitu wa Walikale, nene vidole vitatu, alizowekewa na misheni kwa mlango wa kanisa. Msumeno mpya ulikuwa ukutani ndani ya karatasi yake; aliuacha. Alikata kwa ule wa zamani. Hakupiga randa. Hakupunguza kona. Aliweka ubao wa pili chini ya ule wa kwanza, na mhimili wa tatu ambao hakuna fundi angeuona una kazi. Mukasine alikuja na taa, akatazama, akaiacha taa, akarudi.

Kesho yake watu wanne waliingia kubeba jeneza, kama desturi. Walishika, wakavuta, wakaachia.

"Papa Semana," alisema Damascène, aliyekuwa mmoja wao, "humu kuko nini?"

"Kuko kaka yangu."

Wakaitwa watatu wengine, na Semana mwenyewe akawa wa nane. Kanyamibwa alikuwa kati yao. Aliliacha daftari lake kwa mtu, akavua koti. Kutoka nyumbani kwa Verdiane hadi makaburini si mbali, lakini kuna kilima, na mvua ilikuwa imelainisha njia. Walitua mara tano. Semana alikuwa mbele, upande wa kushoto, na kila walipotua alisimama kando na kungojea, akiyafuta maji usoni. Mara ya tatu Damascène alimwomba wabadilishane. Alikataa kwa kichwa.

Walipomaliza, watu walikaa kwa Verdiane chini ya paa, wakila. Wale wanane walikuwa wakisugua mabega. Hapakuwa na aliyesema Straton alikuwa mwepesi.